Antena ya ndege iko tumboni. Yetu ya Nyakabere tuiweke wapi?



Wiki hii group yetu iliwaka moto. Mnajua kisa. Tumechanga dola tano tano mpaka tukapata radio ya VHF ya kituo cha afya cha hapa kwetu Nyakabere, ili muganga aweze kuita Uvira usiku bila kutafuta mtu mwenye unite. Radio iko, betri iko, pano ya jua iko. Antena ndiyo imetugawa. Kuko wanaosema ibaki pale fundi aliifunga, chini ya paa, ndani ya baraza. Kuko wanaosema ipande juu.

Kisha Yaya mmoja wa kwetu aliye Ulaya akatuma picha. Ndege nyeupe, mabawa marefu, haina mota hata moja. Akazungushia duara jekundu kaantena kadogo kalikobandikwa tumboni, akaandika: «Muone wataalamu. Wao wanaiweka chini, imejificha, mwizi haioni, radi haiioni. Sisi tunataka kupanda juu ya nyumba kufanya nini?» Vidole gumba vikanyesha sawa na mvua ya mwezi wa nne.

Mimi nilinyamaza. Jibu nilikuwa nalo, lakini halikuingia ndani ya message moja. Kamati ikaniambia: wewe ulisoma elektroniki, andika. Basi nimeandika. Yaya anisamehe mapema, maana picha yake ni ya kweli, na ile antena kweli iko mahali pake. Tena picha hiyo inatusaidia kuliko alivyofikiri.

Tuanze na hako kaantena. Ni antena ya transponda. Rada ya kawaida inapiga kelele na kungoja mwangwi, sawa na mtu anayeita mbele ya mlima. Mwangwi wa ndege ndogo ni dhaifu, na wa ndege isiyo na mota, ile Wafaransa wanaita planeur, ni dhaifu zaidi, kwa sababu mwili wake ni nyuzi za kioo na gundi, chuma ni kidogo sana. Kwa hiyo kuna rada ya namna ya pili. Yenyewe haingoji mwangwi, inauliza. Inatuma swali kwenye masafa ya megahezi 1030, na transponda ndani ya ndege inajibu kwenye 1090: mimi ni nani, niko kwenye urefu gani. Ni tofauti ya kumulika tochi shambani usiku ukitafuta mtu, na kumwita kwa jina naye akaitika. Hata pale ambapo chini hakuna rada, ndege kubwa zina chombo cha kuulizana zenyewe kwa zenyewe ili zisigongane. Asiye na transponda, chombo hicho hakimuoni.

Ndege hizi zisizo na mota si hadithi ya Ulaya peke yake. Zimeruka hata kwa jirani, Mweiga karibu na Nyeri, Kenya, kati ya mlima Kenya na milima ya Aberdare. Zinavutwa mpaka juu, zinaachiliwa, kisha zinatafuta hewa ya moto inayopanda na kuzunguka ndani yake sawa na mwewe. Mwewe wanaozunguka hapa kwetu saa sita mchana, wakati uwanda wa Ruzizi umechemka, wanafanya kazi ileile kabisa.

Kwa nini mtu wa namna hiyo asumbuke na transponda? Tarehe 28 mwezi wa 8, 2006, karibu na Minden, jimbo la Nevada, Marekani, ndege ya jeti aina ya Hawker ilikuwa inashuka, ikagongana na planeur kwenye urefu wa futi kama 16,000. Rubani wa planeur aliruka na parashuti. Jeti ilitua bila magurudumu, pua imevunjika. Kwa neema, wote walipona. Na planeur ile ilikuwa na transponda. Ilikuwa imezimwa, ili betri isiishe na radio ikose umeme. Hilo la betri mulitunze, nitalirudilia.

Sasa, kuifunga wapi? Hapa ndipo watu wanaumiza kichwa, na hapa ndipo picha ya Yaya inaanza kusema.

Antena ya transponda ni kajiti ka chuma chenye urefu wa sentimita 7 hivi. Urefu huo haukuokotwa: wimbi la megahezi 1090 lina urefu wa sentimita 27 na nusu, na kajiti ni robo yake. Lakini robo ya wimbi peke yake haifanyi kazi vizuri. Inahitaji bamba la chuma chini ya shina lake. Mtu akisimama kando ya ziwa asubuhi, maji yametulia, anaona nusu yake nyingine chini ya maji, kichwa chini miguu juu. Bamba la chuma linaifanyia antena hivyo hivyo. Kajiti kanaona picha yake ndani ya bamba, na vyote viwili vinakuwa antena moja kamili. Toa bamba, antena inabaki nusu mtu.

Kwenye ndege ya aluminiamu shida hiyo haipo, mwili mzima ni bamba. Kwenye planeur ya nyuzi za kioo, fundi lazima abandike karatasi ya shaba au ya aluminiamu kwa ndani, ienee angalau sentimita 7 kila upande kutoka kwenye shina la antena, na ikienea zaidi ni vizuri zaidi. Na kama mwili ni wa nyuzi za kaboni, mambo yanageuka. Kaboni inapitisha umeme, kwa hiyo wimbi halipiti. Ukificha antena ndani ya mwili wa kaboni, umeifungia ndani ya sanduku. Kwa macho ndege mbili zinafanana, zote nyeupe, zote laini, lakini moja ni kioo na nyingine ni ukuta. Fundi anayefunga bila kuuliza mwili ni wa nini, huyo anabahatisha.

Kisha kuko rubani mwenyewe. Mwili wa mutu umejaa maji, na maji yanakula wimbi. Antena ikiwa mbele ya kifua chake, upande wa nyuma wa ndege unakuwa kiziwi. Tena transponda ya ndege ndogo inatoa wati kuanzia 70 mpaka 250 kwa kila mpigo. Mpigo wenyewe ni mfupi sana, kama nusu ya sehemu ya milioni ya sekunde, kwa hiyo joto lake ni kidogo, lakini hakuna mwenye akili anayetaka kukalia antena saa tano. Ndiyo maana inasogezwa nyuma ya kiti. Nyuma ya kiti kuna gurudumu, fito za usukani, milango ya gurudumu. Vyote chuma, vyote vinaweka kivuli. Ikisogezwa nyuma zaidi, kable inakuwa ndefu, na kable nyembamba kwenye masafa hayo inakunywa nusu ya nguvu kwa meta tano tu. Ikitokeza sana tumboni, siku ya kutua kwenye majani marefu inakatika, maana ndege hiyo inatua na gurudumu moja na tumbo liko karibu kugusa udongo.

Wengine wanaacha kajiti na kutumia antena ya mikono miwili, isiyohitaji bamba, wanaificha ndani ya mkia uliosimama au ndani ya mwili, kama ni wa nyuzi za kioo. Na kila mahali pana hasara yake. Ndege inapozunguka inalalia upande mmoja, bawa linashuka, na tumbo linatazama nje ya duara. Rada iliyo upande wa ndani ya duara inaona mgongo na bawa. Jibu linapotea sekunde kadhaa, linarudi, linapotea tena. Ndege kubwa zimeliponya tatizo hilo kwa kufunga antena mbili, moja mgongoni moja tumboni. Planeur haina nafasi wala betri ya ukubwa huo, kwa hiyo mwenye planeur anachagua moja.

Na akichagua moja, kwa kawaida anachagua tumbo. Juu ya nini? Juu ya kwamba anayesikiliza yuko chini! Rada iko kwenye udongo. Ndege iko hewani. Tumbo ndilo linalomuona msikilizaji bila kitu katikati. Antena haikuwekwa pale ili ijifiche. Iliwekwa pale kwa sababu pale ndipo mahali pa wazi kuliko pote. Kwa ndege, chini ndiyo wazi.

Yaya, geuza sasa picha yako. Kituo chetu hakiruki. Sisi ndio tuko chini. Msikilizaji wetu yuko Uvira, mbali, kwenye usawa wa macho, na katikati kuna miembe, michikichi, na nyumba nyingi zilizoezekwa manjanja. Kama tunataka kuwaiga wataalamu wa planeur kwa kweli, tutafute mahali ambapo antena yetu inamuona msikilizaji wake. Kwetu mahali hapo ni juu ya paa.

Na hapo tuna bahati ambayo mwenye planeur hana. Yeye anabandika karatasi ya shaba yenye upana wa sahani. Sisi tuna paa zima la manjanja. Radio yetu iko kwenye megahezi mia moja hamsini na kitu, wimbi lake ni karibu meta 2, robo yake ni karibu nusu meta. Fimbo ya nusu meta iliyosimama katikati ya paa la bati ina ziwa lililotulia chini yake, pana kuliko inavyohitaji. Lakini paa lilelile, ukiweka antena chini yake, linakuwa ule mwili wa kaboni. Wimbi linapanda, linagonga, linarudi juu ya kichwa cha wamama waliokaa kwenye benchi. Bati ni moja. Ukisimama juu yake linakusaidia, ukiingia chini yake limekufunga.

Wengine mtauliza, mbona siku ya kwanza tulijaribu na Uvira wakatusikia? Kweli walitusikia, mchana, mtu wao amekaa mbele ya radio, sikio limebandikwa. Nilikuwepo. Walisema sauti iko mbali lakini tunaelewa. Tukapiga makofi, fundi akalipwa akaenda zake. Sitamlaumu sana, tulimwambia sisi wenyewe kwamba tunaogopa wezi, naye akafanya tulichotaka.

Kiisha ukafika ule usiku wa mwezi wa tatu. Mvua, barabara imekuwa matope, mama mmoja yuko kwenye uchungu tangu asubuhi na mtoto hageuki. Muganga aliita mara tatu, akangoja, akaita tena. Kimya. Akafikiri Uvira wamelala. Mama akapakiwa kwenye pikipiki, shemeji yake amemshika kwa nyuma, wakaenda hivyo. Mtoto yuko, mama yuko, lakini damu aliyopoteza njiani hakuna aliyeipima. Kesho yake nilienda Uvira kuuliza. Yule wa zamu hakulala. Aliniambia alisikia kitu kama mtu anayekwaruza bati kwa msumari, mara tatu nne, akajibu, hakuna aliyemrudishia. Majani yaliyolowa na miti iliyojaa maji vinakula wimbi kuliko vikiwa vikavu. Kale kadogo kalikokuwa kanafika mchana wa jua, usiku wa mvua hakakufika. Ndiyo sababu ninakuwa mkali kidogo kwenye jambo hili.

Sasa hesabu, ni fupi. Wimbi la VHF linasafiri karibu na mstari ulionyooka, na dunia ni mviringo. Antena iliyo meta 3 juu ya udongo, kama ile ya barazani, inaona mpaka kilometa 7 hivi kabla dunia haijaficha. Ikiwa meta 9, inaona kilometa 12. Ikiwa meta 16, kilometa 16. Umbali wa wenzetu unajumlishwa na wetu. Mlingoti wao nimeupima kwa macho, ni kama meta 20, yaani kilometa 18. Kwa hiyo tukiwa barazani jumla ni kilometa 25 kwa taabu, hata kabla ya kutoa bati na miti. Tukiwa meta 9 jumla ni kilometa 30, na miembe mingi imebaki chini. Kwa kulinganisha, ndege iliyo meta 3,000 juu inaona zaidi ya kilometa 200. Zile zinazoshuka uwanja wa Bujumbura, ng'ambo ya Ruzizi, ambazo watoto wetu wanazipungia mikono, kaantena ka sentimita 7 kanatosha kwa sababu ya huo urefu. Si uchawi wa antena.

Hesabu hiyo hiyo inamjibu kaka aliyesema tujenge mlingoti wa meta 36. Ukitaka kuzidisha umbali mara mbili, lazima urefu uzidishwe mara nne, na bei inazidishwa zaidi ya hapo. Bomba la meta 6 lililofungwa kwenye ukuta wa ncha ya nyumba, likapita paa, na antena juu yake, linatupatia meta 9. Inatosha. Lakini hapo tutakuwa tumeondoka kwenye bati, ziwa letu limebaki chini mbali. Basi tununue antena yenye vijiti vyake vinne vya chini, vilivyotanuka sawa na miguu ya mwavuli. Hivyo vijiti ndivyo bamba lake. Msikubali kuuziwa ile ya gari, yenye sumaku, isiyo na miguu: ile inataka bati chini yake, na ukiipandisha juu ya bomba inakuwa nusu mtu tena.

Isimame wima. Hili linaonekana dogo lakini si dogo. Ya Uvira imesimama wima, yetu ikilala, sehemu kubwa sana ya nguvu inapotea ingawa vyombo vyote viwili ni vizima. Vilevile ka radio ka mkononi ambako mhamasishaji anatembea nako: akisema, akainue wima karibu na uso, asikaache kiunoni. Kiunoni mwili wake unafanya kazi ya rubani wa planeur, unakula wimbi upande mzima.

Kable. Hapa ndipo tutajaribiwa kuokoa makuta. Tukipanda juu tunahitaji meta 20 kufika mezani kwa muganga. Kable nyembamba ya namna ya RG58, kwenye masafa yetu, inafikisha juu wati 10 kati ya 25 za radio. Ile nene ya RG213 inafikisha kama 16. Na hasara hiyo inahesabiwa wakati wa kusikia pia. Kwa hiyo tuchukue nene, na radio tuisogeze karibu na dirisha la upande wa bomba ili kable ipungue. Viungo vya nje vifungwe kwa utepe wa mpira, maana maji yakiingia ndani ya kable mwaka huu, mwaka kesho mtasema radio imekufa.

Radi. Yaya alisema antena iliyofichwa radi haiioni. Ndugu zangu, radi inaona nyumba. Paa la manjanja na antena chini yake, radi ikipiga paa itatafuta njia, na waya ulio karibu ni njia. Sisi tunakaa kwenye nchi ya radi. Mwaka 2016 wanasayansi walitoa orodha ya mahali penye radi nyingi duniani kwa kuhesabu na satelaiti: ya kwanza Ziwa Maracaibo, Venezuela, ya pili Kabare, hapa hapa Kivu ya Kusini, ya tatu Kampene, Maniema. Kwa hiyo tukipandisha bomba, tupandishe na ulinzi wake: waya mnene wa shaba kutoka kwenye bomba, unyooke, usizungushwe zungushwe, ushuke mpaka kwenye fimbo ya shaba iliyopigwa ardhini meta 2, mahali pa udongo wa maji maji. Upande wetu wa Ruzizi udongo huo haukosekani. Na muganga achomoe kable ya antena wingu linapoanza kujenga juu ya milima, asingoje ngurumo. Kuichomoa wakati inapiga ni hatari kuliko kuiacha. Hii ina maana usiku wa dhoruba kali tutakuwa bila radio kwa saa moja au mbili. Sitawadanganya, hiyo ni hasara ya kweli na hakuna dawa yake ya bei yetu.

Betri sasa, nilisema nitairudilia. Radio ikisikiliza inakula kidogo, chini ya nusu ampea. Ikisema inakula kama ampea 6. Nimekuta simu tano zimechomekwa kwenye betri ya radio, moja ni ya mjumbe wa kamati, sitamtaja. Rubani wa Minden alizima transponda ili kulinda betri. Sisi tutajikuta tumezima radio ili kulinda Facebook. Betri ile iwe na sanduku na kufuli.

Wazee wetu wataniuliza juu ya phonie ya zamani ya misioni, maana wanakumbuka: waya mrefu umefungwa kati ya miti miwili, haufiki hata juu ya paa, na padiri alikuwa anaongea na Bukavu na milima yote imesimama katikati. Ni kweli, tena ni jambo zuri kabisa. Ile ilikuwa masafa mengine, ya megahezi chache tu, na waya wa karibu meta 20. Ukiulaza waya huo chini chini, wimbi linapanda moja kwa moja juu, linagonga tabaka la umeme lililo juu ya hewa, linashuka kama mvua ya manyunyu upande wa pili wa milima. Milima ya nyuma ya Uvira inakaribia meta 3,000 na zaidi, na wimbi hilo haliijali. Pale antena ya chini ilikuwa sawa, kwa sababu msikilizaji wake alikuwa angani, kwa namna ya kusema. Siku moja tukipata makuta ya kuongea na Bukavu au Minembwe, hiyo ndiyo tununue. Kwa Uvira, VHF na bomba vinatosha.

Kuna aliyeandika kwamba haya yote ya nini, simu zipo. Simu zipo siku nzuri. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 mwezi wa 4, 2020, Mulongwe ulipopanda na kubeba nyumba na watu pale Uvira, wangapi kati yetu walipata ndugu zao kwa simu asubuhi ile? Radio ya betri haingoji mlingoti wa kampuni uwe na mafuta.

Mwizi. Hilo ni jambo la haki, sitalicheka. Barazani mwizi anafikia antena kwa mkono. Juu ya bomba lililopita paa anahitaji ngazi, na kutembea juu ya manjanja usiku kila mtu anasikia. Bolti tuzigonge vichwa baada ya kukaza, zisifunguke tena kwa ufunguo.

Hesabu ya vitu: antena yenye miguu, bomba la meta 6, meta 20 za kable nene, waya wa shaba na fimbo yake, vibano vitatu. Mwekahazina anasema kuna upungufu wa dola 38, na kuna watu kumi na mmoja ambao hawajatoa zao tano. Majina anayo, mimi sina. Jumamosi saa mbili asubuhi tukutane kituoni. Kabla ya kupandisha chochote tutajaribu kwanza na bomba limeshikwa kwa mikono, mmoja anaita Uvira, mwingine Uvira anaandika anavyosikia: barazani, juu ya paa, juu ya bomba. Nimeomba jaribio lifanyike jioni baada ya mvua, siyo mchana wa jua. Kama barazani itashinda, nitaiandika hapa hapa na Yaya atanicheka.

Ngazi ndefu ya parokia, aliyeiazima airudishe kabla ya Ijumaa.